Shamba la Padri Kirani

Selestina Nimpaye alikuwa anachambua maharage ya mbegu mbele ya nyumba yake, kijijini Ntobeye, karibu na mpaka wa Burundi, saa kumi jioni, Padri Kirani alipopiga hodi. Akamsogezea kigoda, akabandika chai. Padri alikuwa amekufa tangu mwaka 1998. Viatu vyake vilikuwa na tope, maana kwa siku mbili zilizopita alikuwa kwao Ayalandi, na kwao, tusidanganyane, mvua haina likizo.

Marehemu haombwi viza. Enzi za uhai wake alikaa parokia ile miaka thelathini na sita, akaenda kwao mara nne tu. Sasa alikuwa anafidia. Kila Ijumaa alikwenda, Jumapili jioni yuko kwa Selestina na habari tele, na akianza kusema, chai inapoa.

"Vile vyama viwili vilivyotoana damu wakati wa baba yangu," alisema, "siku hizi vinatawala pamoja. Ni kama wake wenza waliozeeka. Hawapendani, wamechoka tu."

"Afadhali wamechoka," alisema Selestina.

"Na mjukuu wa dada yangu ni mwalimu, ana miaka thelathini na minne, bado analala chumba alichozaliwa."

"Mwalimu mzima! Si ajenge hata kibanda?"

"Kiwanja hana, na kodi ya chumba inameza mshahara wote."

"Maskini wee. Na mnavyojisifia ng'ombe!"

Padri alicheka, kisha akaweka kikombe chini. Alisema ameona watu wa mji wao wamesimama na mabango nje ya hoteli kuukuu walimowekwa wakimbizi, wanawaambia warudi walikotoka. Watu ambao kila nyumba yao ina shangazi Amerika. Alisema ameona aibu, na siku hiyo hakuomba kikombe cha pili.

Selestina naye alikuwa na lake. Wapima ardhi walikuwa wanaandikisha mashamba, na mwisho ulikuwa Ijumaa. Asiye na kitambulisho haandikwi, na shamba lisiloandikwa linarudi kijijini, linagawiwa mwingine. Yeye kitambulisho hakuwa nacho. Wazazi wake walivuka kutoka Muyinga, Burundi, mwaka 1972, yeye akazaliwa miaka miwili baadaye hapo hapo, kwenye kibanda ambacho sasa ni zizi la mbuzi. Muyinga hajawahi kuikanyaga. Lakini cheti chake cha ubatizo, karatasi pekee aliyonayo, kilisema: Selestina, wa Muyinga.

Padri alikipokea, akakisoma. Mwandiko ulikuwa wake.

"Kwetu," alisema polepole, "mtoto akizaliwa London au Boston, tunamwita wa kijiji cha wazazi wake. Nilidhani nakupa heshima."

"Baba alifurahi, Padri, sikufichi. Ila mimi umeniponza."

Jumatatu asubuhi walikwenda pamoja ofisi ya vitambulisho. Watu kwenye foleni walinung'unika, kwa sababu Padri alipitiliza mpaka mbele. Karani aliitwa Wiston, kijana mpole aliyebatizwa na Padri huyo huyo. Alisimama.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina," alijibu Padri, akaeleza kosa lake lote bila kujitetea.

Wiston alisikiliza mpaka mwisho, akafungua kitabu cha kanuni. "Shahidi wa kuzaliwa lazima awe hai, Padri. Ningekuwa na uwezo ningekusaidia. Mama atafute aliyekuwepo, aliye hai."

"Waliokuwepo wote wamekufa," alisema Selestina.

"Pole sana, mama." Na kweli alimhurumia. Kisha akavuta faili jingine, akalipangusa vumbi. "Ila Padri, wewe faili lako halina tatizo. Uliomba uraia mwaka 1997. Ulikubaliwa, hukuja kuchukua."

"Nilikuwa nimekufa."

"Ndiyo, imeandikwa hapa."

Alimpiga Padri picha. Ilitokea kola na mgongo wa kiti tu. Wiston akasema inatosha. Alhamisi kitambulisho kikatoka, kipya, kinang'aa. Padri alikileta kwa Selestina akakiweka juu ya ungo, na alishindwa kumtazama machoni.

Selestina alikigeuza mbele na nyuma. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko.

"Marehemu anaruhusiwa kumiliki shamba?" aliuliza.

Danstan, jirani aliyekuwa anapita na majani ya mbuzi, ndiye aliyejibu. "Mbona nusu ya mashamba ya hapa ni ya marehemu? La kwetu bado ni la babu."

Basi Ijumaa wapima ardhi walipofika, Danstan alitembea nao mipakani mwa shamba, akashuhudia kila pembe, na shamba likaokoka. Karatasi iliandikwa: mmiliki, Padri Kirani; mtumiaji, kwa hisani ya mmiliki, Selestina Nimpaye. Selestina alitia dole gumba. Alikuwa amelilima shamba lile tangu akiwa msichana.

Wapimaji walipoondoka Padri aliketi kwenye nyasi. Ijumaa hiyo hakwenda kwao. Alisema bibi mzaa babu yake alikuwa na shamba la viazi, lakini mwenye karatasi alikuwa bwana mmoja aliyekaa London. Siku moja askari walikuja kwa amri yake wakaezua nyumba huku bibi yuko ndani na watoto. Kwao mtoto hufundishwa jina la yule bwana kabla hajajua Baba Yetu.

"Aliwahi kuja kuliona shamba?"

"Hata siku moja."

"Basi wewe njoo upalilie," alisema Selestina, akampa jembe.

Tangu hapo anapalilia kila jioni, isipokuwa mwisho wa wiki. Selestina amerudi ofisini mara tano, na mara tano ameambiwa alete shahidi aliye hai. Padri anaanzia juu kwenye migomba na kushuka, ameinama, jasho halimtoki. Magugu anayoyakata yanasimama tena nyuma yake, maana mkono wa marehemu haung'oi kitu. Selestina anamfuata hatua chache nyuma, anayapalilia upya, na hajamwambia.