Bampa la Mjomba

Mkono wa baba yake ulianza kutetemeka tangu kabla ya mvua, na Chiriku alikatazwa kusema. Jina hilo alipewa utotoni kwa sababu ya domo lake, lakini kwa hili alifunga mdomo. Baba alikuwa fundi wa kupiga rangi magari ya kale, na sifa zake zilitangulia mbele yake kila alikokwenda. Alihofia kwamba watu wakijua, karakana ingefungwa kabla yeye mwenyewe hajaifunga.

Ndipo mjomba akaleta bampa la gari lake kuukuu na ringi mbili za taa. Kromu ilikuwa imebanduka kama ngozi ya nyoka, kutu imetafuna chini yake, na kiwanda cha kuchovya kromu hakikuwepo karibu. Baba akamwambia kuna rangi inayong'aa kama kromu, ila ina masharti mengi kuliko mkwe. Chini yake lazima uweke nyeusi laini isiyo na kasoro, iliyokauka sawasawa. Juu yake unapuliza ukungu mwembamba, tabaka baada ya tabaka. Ukizidisha, inageuka kijivu kama risasi. Ukisimama katikati, kiungo kinaonekana.

Nyeusi waliipiga pamoja, wakaisugua kwa msasa wa maji, wakaipiga tena. Siku ya kromu mjomba alitaka kutazama. Baba akamwomba abaki nje, asiwaletee vumbi. Alibaki nje, lakini akaweka uso kwenye kidirisha cha chumba cha rangi.

Ringi zilitoka vizuri. Baba alibana kiwiko ubavuni, na mkono ukatii. Bampa lilikuwa refu, likimtaka atembee huku mkono umenyooka. Chiriku alishika mpira wa kupeleka upepo kwenye bunduki ya rangi, usiguse kazi, macho yake yakiwa kwenye kidole gumba cha baba. Tabaka la kwanza likapita. La pili lilipokaribia katikati, kidole kikaanza kucheza. Bunduki ikainama mara moja, na doa kama la moshi likajitokeza kwenye weusi.

Chiriku hakufikiri. Aliachia mpira, akapita nyuma ya baba, akaitwaa bunduki mkononi mwake kabla haijasimama, akaendelea na mwendo uleule hadi mwisho. Baba hakushindana naye. Alisimama mkono ukiwa bado hewani, umeshika kitu kisichokuwepo, kisha akatoka na barakoa yake usoni.

Chiriku alitamani kumfuata. Lakini tabaka zilizobaki zilikuwa zinamngoja, na rangi haijui msiba wa mtu. Kidirisha kilikuwa kitupu sasa. Nje alisikia sauti ya mjomba, kisha kimya, kisha kitu kama debe likiburutwa. Mikono akailazimisha iende polepole. Alimaliza akiwa amelowa jasho.

Aliwakuta wameketi juu ya madebe matupu, mabega yakigusana. Mjomba alikuwa ameushika ule mkono kwa mikono yake miwili, kama anayetuliza kuku.

"Shemeji, umejua tangu lini?" baba alikuwa anauliza.

"Tangu ulipoacha kunywa chai mbele za watu."

Baba akacheka kidogo, halafu uso ukamsawijika. Mjomba akamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba kesho angempeleka hospitali, atake asitake. Baba alitafuta sababu za kukataa akazikosa. Akamgeukia binti yake.

"Umeninyang'anya bunduki."

"Ndiyo, baba."

"Mwendo wako haukuwa mbaya."

Kromu ilipokauka, doa lilionekana upande wa kushoto kama pumzi kwenye kioo. Mjomba akasema halimsumbui, gari lenyewe limezeeka, nani ataangalia. Baba alitazama chini, na Chiriku akaelewa kwamba kazi ile ingetoka na aibu ambayo yeye peke yake angeweza kuiondoa.

"Bampa halitoki hapa hivi, mjomba," akasema. "Ninyi nendeni hospitali."

Walipoondoka asubuhi alisugua bampa lote hadi kromu ikaisha, akarudia nyeusi, na ilipokauka baada ya siku kadhaa akapiga kromu peke yake, bila wa kumshikia mpira. Mwisho akapiga vanishi ya juu kwa woga, maana hiyo nayo huweza kuzima mng'ao wote.

Daktari alikuwa amesema ugonjwa hauponi, ila kuna dawa za kuupunguza makali. Baba hakulificha hilo. Aliporudi karakanani aliliinamia bampa muda mrefu, mkono ukitetemeka waziwazi ubavuni mwake, akanyoosha kidole karibu na tundu la boliti.

"Kuna punje ya vumbi hapa."

Chiriku aliinama naye kutazama.

"Hiyo hata mimi ingenipita," baba akasema, akaenda kumwita shemeji yake aje kufunga bampa.