Zimwi Lililoinama

Isao alikuwa akifa kila wiki, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kwenye kipindi chetu cha televisheni. Alivaa gozi la mpira la zimwi, tukamfunga zipu mgongoni, akavunja mji, kisha roboti Raizan, naye mwigizaji ndani ya vazi lake, akamtwanga mpaka akalipuka. Wiki iliyofuata tulilipaka gozi rangi nyingine, tukaliongezea pembe, na Isao akaja kufa upya kwa jina jipya. Watoto wa Japani nzima walimshangilia Raizan. Isao hakuwa na wa kumshangilia ila Fumiko, aliyeshona mavazi yetu pale studioni, na ambaye Isao alitaka kumuoa.

Kikwazo kilikuwa baba yake Fumiko, Mzee Onodera, fundi wa mikeka ya tatami. Mtaani kwetu mwanamume akitaka mke huenda kwa baba mtu, akapiga magoti na kuinama mpaka paji la uso liguse mkeka. Baba naye akiinama, shauri limekwisha. Mzee aliijua sana desturi hiyo, ndiyo maana hakumpa Isao nafasi ya kuinama. Kila Isao alipobisha hodi, mzee yuko kwenye bafu la mtaa. Sijapata kuona mtu msafi kama yule.

"Nimpe binti yangu mtu anayepigwa kila Ijumaa mbele ya nchi nzima?" alimwambia Fumiko. "Hata mara moja hashindi?"

"Baba, imeandikwa apigwe."

"Basi na mimi nimeandika asioe."

Fumiko hakuchoka. Alimbembeleza mpaka akakubali kuja studioni, mara moja tu, amwone Isao kazini. Nikasema na mimi nitie mkono. Kazi yangu ni kujenga ile miji midogo ya plasta, kwa hiyo nikalijenga duka la mzee: vigae vya paa, pazia la mlangoni, hata mikeka ndani, niliyoikata kutoka kwenye mabaki ya dukani kwake aliyoniletea Fumiko. Lilinifika kiunoni. Nilitaka mzee afurahi. Haikunijia kabisa kwamba mtaa ule ndio uliopangwa kukanyagwa. Akili ni nywele, na wiki ile mimi nilikuwa kipara.

Isao aliliona duka akiwa ameshafungwa zipu.

"Dada Tokie," sauti ilitoka kwenye matundu ya shingo ya zimwi, "lile si duka la mzee?"

"Ndilo. Nimekujengea wewe, upendwe."

"Umeniua kabla ya roboti, dada."

Taa zilikuwa zimeshawashwa. Mji wa plasta huvunjwa mara moja tu, na kamera ilikuwa inazunguka. Zimwi likaanza kuja. Likapiga teke benki, likakalia kituo cha treni, likafika mbele ya duka. Nyuma ya kamera mzee alikuwa amekunja mikono. Zimwi likainua mguu, likaushusha. Likauinua tena. Nilijua nimemponza.

Ndipo Isao akafanya lile ambalo yeyote kati yetu angelifanya kabla ya kumkanyagia mtu mali yake. Aliinama, kuomba radhi.

Alisahau pembe. Uzito wake ulimvuta, akapiga magoti, na kichwa chote kikapita kwenye paa mpaka sakafuni. Raizan, aliyekuwa anakuja ngumi juu, kuona ameinamiwa, naye akainama. Na Mzee Onodera, kabla hajajua anafanya nini, akaikunjua mikono yake akainama pia, chini kabisa.

"Kata!" Mwongozaji alishika kichwa.

Fumiko aliweka sindano chini. "Baba, umeinama."

"Nani, mimi?"

"Mbele ya watu wote."

"Nimeliinamia zimwi!"

"Zimwi lililoweka paji la uso kwenye mkeka wako."

"Ile mikeka ya karatasi?"

"Ya majani, mzee," nikasema. "Mabaki ya dukani kwako."

Mzee alinitazama kwa jicho ambalo ningestahili zaidi kama lingekuwa na fimbo.

Tulimchomoa Isao, tukafungua zipu. Mvuke ukatoka. Alikuwa mwekundu, hawezi kusema, na tulipomvua buti tukamwaga jasho kama maji ya ndoo. Mzee akaacha kubisha. Akaitazama ile sakafu iliyolowa, akamtazama na Isao, aliyekuwa bado anajaribu kuinama tena kwa shingo isiyomtii. Mzee akavua taulo lake shingoni, akamfuta uso mwenyewe, taratibu, kwa mikono yake ile migumu ya ufundi.

"Kumbe mle ndani mna mtu," alisema.

Fumiko alikuwa analia, na mimi pia.

"Ijumaa hii anakufa tena?" mzee akauliza.

"Kila Ijumaa, baba."

"Basi arusi iwe Jumapili. Apate kwanza siku ya kufufuka."