Golikipa kwa Sentafowadi

Habari kwamba Isihaka amechukuliwa na timu ya bandarini ilimkuta Rashidi fundi viatu ana misumari mitano mdomoni, na kama si rehema ya Mungu angeimeza yote. Aliitema kiganjani mmoja mmoja, akauliza, "Amechukuliwa na nani?"

"Na watu wa bandari, Mtwara," alisema mteja wake, aliyekuwa amekaa mguu mmoja peku akingoja kiatu. "Wamempa kazi ya winchi na chumba Chikongola. Jana kahama na mkewe na kitanda."

Neno la kitanda ndilo lililomchoma. Mtu akihama na kikapu huenda akarudi. Akihama na kitanda, basi tena.

Ulikuwa mwaka 1954. Bandari mpya ilikuwa imeanza kupokea meli, na Mtwara, ambayo watu wa Mikindani walizoea kuiita pori, ilikuwa inawanyang'anya kila kitu: maduka, wenye maduka, makarani, na sasa mguu wa kushoto wa Isihaka. Isihaka alikuwa dereva wa trekta katika shamba la mkonge la Naliwale, mwendo wa saa mbili kutoka mjini, na makipa waliowahi kusimama mbele ya shuti lake walikuwa hawapendi kulizungumza. Klabu ya Tufani ya Mikindani ilimtamani kwa miaka miwili. Tufani ilikuwa na bendera, mwenyekiti, makamu wa mwenyekiti na msaidizi wa makamu. Ilichokosa ni mtu wa kufunga magoli.

Na walikuwa wamekaribia kumpata, ndiyo maana uchungu ulizidi. Wiki sita nyuma meneja wa Naliwale aliandika barua: alikuwa radhi kumwachia Isihaka, ila apewe Abdallah, golikipa wa Tufani. Abdallah alikuwa mwashi, na shamba lilitaka golikipa siku ya Jumamosi na mwashi siku nyingine zote. Mtu kwa mtu, kazi kwa kazi. Mwenye mashamba ya chumvi pale Mikindani alikwisha kukubali kumwajiri Isihaka. Abdallah mwenyewe, alipoulizwa, alisema, "Mimi penye mawe na chokaa ndipo kwangu. Niambieni tu niende lini."

Shaibu, katibu wa klabu, aliisoma barua ile mbele ya wanachama, akaikunja, akasema, "Jamani, tumeombwa mmoja tupewe mmoja. Tuseme ndiyo leo hii."

Rashidi ndiye aliyesimama wa kwanza. Abdallah alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe Somoe, na Rashidi alipenda watu wakumbuke hilo kila Abdallah alipodaka mpira.

"Auzwe?" alisema. "Mtu aliyedaka penalti ya Lindi auzwe kama kuku wa mnada? Huyu ni damu yetu!"

Watu wakashangilia. Wakambeba Abdallah mabegani, wakamzungusha nyumba nzima, kichwa chake kikigonga boriti mara mbili. Lakini walipomtua, na jasho lilipoanza kukauka, mtu mmoja akakohoa akasema kwamba hata hivyo Isihaka ni Isihaka. Mwingine akasema kama ni kumtoa Abdallah, basi angalau waongeze kitu. Waongeze mipira miwili ya ngozi. Waongeze na winga.

"Na lori lao," akasema Rashidi, ambaye damu yake sasa ilikuwa imeanza kupungua uzito. "Litubebe kila tukienda kucheza nje. Hatuwezi kumtoa shemeji yangu hivi hivi!"

Wakapiga makofi. Shaibu alijaribu kusema. Wakamuuliza Naliwale wamemlipa nini. Akaandika kama alivyoambiwa: mipira, winga, lori. Meneja hakujibu. Wakaandika barua ya kukumbusha, hakujibu. Wale wa bandarini hawakuandika barua yoyote. Walikuja na gari, wakabeba kitanda.

Mchana wa siku ile Rashidi alipopata habari, ukumbi wa klabu ulijaa hadi madirishani, na wote walikuwa na neno moja: kosa ni la Shaibu.

"Kiingereza chako ndicho kilichotuponza!" alifoka Rashidi. "Umeomba vibaya!"

"Niliomba lori, bwana Rashidi. Lori kwa Kiingereza ni lori vilevile."

"Ungeliomba kwa adabu!"

Wakaamua Shaibu aombe radhi. Shaibu akauliza amwombe nani, na kwa lipi. Hilo hawakuwa wameliamua, wakaahirisha mkutano.

Jumamosi ya pili yake timu ya bandarini ikaja Mikindani. Rashidi alifika uwanjani mapema, akachukua mahali pake nyuma ya goli la Tufani, hatua kumi tu kutoka kwa shemeji yake. Nusu ya watu walikuja kuiona Tufani ikishinda, nusu walikuja kumzomea Isihaka, na wote wakakuta kwamba si rahisi kumzomea mtu ambaye humwoni anavyopita.

La kwanza alilifunga watu hawajakaa. La pili lilikuwa kichwa. La tatu lilimpita Abdallah mkono wa kulia, likaenda kugonga kibanda cha mwuza mihogo. Hapo wale waliombeba mabegani wakaanza kunung'unika, na manung'uniko yakapata maneno.

"Kipa gani huyu? Mlango wazi!"

"Kwa huyu ndiyo tulimkosa Isihaka?"

Rashidi alijizuia hadi la nne. Aliwaza lori, aliwaza kitanda, akajiona mwenyewe mbele ya mji mzima akiitwa shemeji wa mtu aliyefungwa manne, na kabla hajajua anafanya nini alikuwa anapiga kelele kuliko wote:

"Mwashi! Si ujenge ukuta hapo golini, maana wewe mwenyewe huzuii kitu!"

Watu wakacheka sana. Ilikuwa kauli nzuri, na Rashidi alihisi utamu wake kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Kisha Abdallah akageuka, akamtazama. Akageukia uwanja, akadaka mashuti mawili magumu ambayo hakuna aliyeyashangilia, akafungwa la tano, na filimbi ya mwisho ilipolia akavua jezi, akaikunja vizuri, akampa Shaibu mkononi.

Jumatatu asubuhi alichukua mwiko wake, timazi na pima maji, akaenda Naliwale kwa miguu, akaomba kazi. Akapewa siku hiyohiyo. Tufani haikupata sentafowadi, winga, mpira wala lori. Naliwale walipata golikipa, na hawakutoa hata asante.

Rashidi alizipata habari hizo kwa mkewe. Somoe aliweka sahani ya ugali chini, akasimama.

"Baba Salma, kaka yangu kaondoka. Kapita kuniaga, wewe hakukuuliza."

"Ni hasira tu, Mama Salma. Atarudi."

"Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako. Nyinyi mlichelewa, mkamkuta si wenu, mkamfukuza na huyu aliyekuwa wenu." Akageuka kwenda jikoni. "Mboga iko chunguni. Jipakulie."

Jambo la kujipakulia liliendelea kwa siku nne. Siku ya tano Rashidi aliondoka alfajiri kwenda Naliwale. Alimkuta Abdallah juu ya jukwaa la miti, anajenga ghala jipya la mkonge, kamba imenyooshwa, mawe yanapanda.

"Shikamoo, shemeji," alisema Rashidi. Walikuwa rika moja na hawakuwahi kuamkiana hivyo.

"Marahaba," Abdallah alijibu bila kusita, akamwacha hivyo hivyo. "Nipe jiwe hilo. Hilo kubwa."

Rashidi akampa. Akampa na la pili, na la tatu, hadi shati likamganda mgongoni.

"Klabu inakuhitaji," alisema mwishowe. "Wameniagiza." Hakuna aliyemwagiza.

"Klabu ipi? Ile iliyokataa kuniuza?"

"Hiyohiyo! Tulikataa, shemeji! Mimi ndiye niliyesimama wa kwanza!"

"Nilikuwepo. Nilikuwa mabegani kwenu." Abdallah akagonga jiwe kwa mpini wa mwiko, akaliangalia kama limekaa. "Na baada ya kunitua mkasema bei haitoshi. Nani aliyetaja lori?"

Rashidi akainama akatafuta jiwe jingine. Yalikuwepo mengi mbele yake, lakini alichukua muda mrefu kulichagua.

"Kutakwa kwa mtu si tusi," Abdallah alisema. "Shaibu alisema mmoja kwa mmoja, na mimi nikajisikia mtu. Ningekwenda kwa moyo mweupe, na nyinyi mngempata Isihaka wenu. Nenda kamwambie Somoe mimi mzima. Na nyinyi, jengeni ukuta."

Rashidi alirudi mjini na malengelenge ya viganja. Barazani aliwaambia wenzake kwamba amezungumza na Abdallah kwa kirefu, na kwamba yeye mwenyewe, kwa kufikiria maendeleo ya kijana, amemruhusu abaki. Shaibu, aliyekuwa anapita, alisimama kidogo akasikiliza, akaendelea na safari yake.

Tufani walimweka golini karani mmoja mwenye miwani, mtu wa heshima sana, ambaye kila akifungwa alikuwa anamwambia mfungaji ahsante. Walimaliza msimu wakiwa wa mwisho. Wanachama walikubaliana kwamba mvua zilikuwa nyingi.

Jumamosi moja ya Julai Rashidi alifunga kibanda mapema, akavaa kofia yake ya Ijumaa, akatokomea. Kule Naliwale, wafanyakazi wa shamba waliozunguka uwanja wao walimwona mgeni mmoja mwembamba amesimama peke yake karibu na kona. Kipa wao aliporuka kama chui akautoa mpira uliokuwa ukiingia pembeni mwa mlingoti, yule mgeni aliruka naye, akarusha kofia juu, akapiga kelele, "Huyo! Huyo! Damu yetu huyo!"

Mkata mkonge mmoja akamgeukia. "Bwana, wewe wa hapa? Unashangilia Naliwale?"

Rashidi akaiokota kofia, akaipangusa vumbi taratibu, akaivaa.

"Hapana," alisema. "Mimi mtu wa Tufani. Nimemleta tu mke wangu aje amwone kaka yake."

Yule mtu akatazama kulia, akatazama kushoto. Somoe saa hiyo alikuwa Mikindani, ukumbini mwa nyumba yake, anasuka mkeka.