Baze Haikusoma Kiswahili Bora

Nilibonyeza tena, na programu ikanijibu kwa adabu ileile ya tangu asubuhi: Kuna hitilafu, tafadhali wasiliana na msimamizi. Msimamizi ni mimi. Nilikuwa nimewasiliana nami siku nzima bila kupata jibu la maana.

"Tata Omer, inasema nini sasa?" aliuliza mama Valérie kutoka kwenye benchi.

"Inasema nimtafute mwenye kazi."

"Si uko naye hapo? Mutafute muzuri."

Mama Valérie huosha mawe ya shaba kwenye bwawa la koperative yetu ya wachimbaji, na kadi yake ilikuwa inakwisha siku hiyo. Mlangoni mwa mgodi kuna mashine inayoisoma kadi kisha, kupitia programu yangu, inauliza hifadhidata, ambayo hapa kila mtu anaiita baze, kama mwenye kadi bado anaruhusiwa. Taa ikiwa ya kijani, unaingia. Ikiwa nyekundu, unarudi nyumbani, na kabla jua halijapanda nafasi yako bwawani imeshapata mtu mwingine. Kadi yenyewe haiongezwi muda bila baze, na baze ilikuwa haizungumzi na programu.

Mwenyekiti alipita mapema, akaitazama dari kwa makini, akasema ni vumbi. Vumbi la Kolwezi lina majukumu mengi. Linaleta kikohozi, linachelewesha mikutano, na sasa lilikuwa limejifunza kukata mawasiliano ya kompyuta. Nilimshukuru. Nilifuta vumbi pia, maana huwezi kujua.

Baada ya hapo niliendelea kwa mpangilio wangu wa kawaida. Waya ulikuwa mzima. Seva ya programu ilikuwa inafanya kazi. Baze nayo ilikuwa macho, imekaa kwenye mlango wake, inamsikiliza kila anayebisha. Wawili hao walikuwa wazima wa afya, kwenye meza moja, na hawakuwa wakisalimiana. Nimeona ndoa za namna hiyo.

Nikafungua kumbukumbu za baze, ambako mashine huandika mambo ambayo haipendi kuwaambia watu usoni. Humo ilikuwa imeandika, mstari baada ya mstari, kwamba haimjui mtumiaji anayeitwa mlinzi.

Niliusoma mstari huo polepole. Mtumiaji niliyemjua mimi aliitwa mulinzi.

Nikafungua faili la mipangilio. Hapo juu, jina la ukurasa wa koperative. Chini yake, mahali pa baze, jina la baze, mtumiaji na neno la siri. Baze yetu iliitwa batu. Humu ilikuwa imeandikwa watu.

"Tata Lukusa," nilisema, "kuna mtu aligusa faili hili?"

Tata Lukusa ni katibu wetu. Alifundisha shule miaka mingi, na ndiye anayetunga barua zote za koperative. Ana ruhusa ya kubadilisha jina la ukurasa, kwa sababu kamati hulibadilisha kila inapokutana. Aliinua kichwa kama mtu aliyengoja siku nzima kuulizwa.

"Nililisahihisha jana jioni. Wageni wanakuja wiki ijayo kututembelea. Watakuta 'batu', 'mulinzi'? Hicho si Kiswahili bora, ndugu Omer."

"Ni kweli," nilisema. Ilikuwa kweli kabisa. "Lakini wageni hawalioni faili hili."

"Kazi safi haifanywi kwa ajili ya kuonekana."

Jana hakuna kilichoharibika, kwa kuwa seva ilikuwa bado inakumbuka majina ya zamani. Usiku umeme ukakatika, ukarudi, seva ikalisoma faili upya. Tangu hapo ilikuwa inabisha kwa Kiswahili fasaha kwenye nyumba ya batu.

"Mashine haikusoma," nilisema.

"Basi ifundishwe."

Mama Valérie alicheka mpaka akashika mbavu. "Tata Lukusa, ata mashine unaifanyia dictée kama batoto ya masomo!"

Nilirudisha batu, nikarudisha mulinzi, nikawasha seva upya. Baze ikamtambua mulinzi, ikakataa neno lake la siri.

Nilimtazama katibu.

"Na lenyewe lilikuwa na makosa," alisema.

"Lilikuwaje kabla?"

"Nani anahifadhi makosa?"

Neno la siri sasa lilisomeka vituvyawatuhaviguswi, yaani vitu vya watu haviguswi. Hakika lilikuwa limenyooka, kila kiambishi mahali pake. Aliyelichagua mwanzoni ni Gael, fundi aliyetuwekea baze. Gael ndiye pia mwenye ufunguo mkuu, na alikuwa Dilolo kwa harusi ya dada yake. Simu yake ilinieleza kwa sauti ya kike kwamba haipatikani.

Nilianza kurudi nyuma, kosa kwa kosa. Bitubyabatuhabigusiwe. Ikakataa.

"Soma kwa nguvu, mi nisikie," alisema mama Valérie. Nikasoma. Akakunja uso. "Bitu *bya*? Nani anasemaka vile? Gael ni mutoto wa hapa. Atasema bitu *ya* batu."

"Bitu ya!" Tata Lukusa aliweka kalamu chini. "Ngeli imekwenda wapi?"

"Ilienda Dilolo na Gael, ku ndoa."

Niliandika: bituyabatuhaigusiwe. Kidole kilikuwa juu ya kitufe wakati simu ya katibu ilipolia. Alikuwa Stany, mlinzi wa mlangoni, na anapoongea kwenye simu hahitaji simu.

"Tata Lukusa! Mashine ya huku imekufa tangu asubui! Mi ninaingizaka batu kwa sura!"

"Kwa sura gani?"

"Sura yao! Benye ninajua banaingia. Na kesho vile vile?"

Mama Valérie akanigeukia taratibu.

"Tata Omer. Ukibonyeza, na ikakubali, kadi yangu mutaongeza leo?"

Niliangalia mlango wa chumba ambamo kadi za muda mpya huchapwa. Tatiana, anayezichapa, alikuwa ameshakwenda nyumbani na ufunguo, na huwa anafika muda mrefu baada ya mlango wa mgodi kufunguliwa.

"Kesho, Tatiana akija."

"Na mulangoni asubui taa itasema nini?"

"Nyekundu."

"Na kama haubonyeze?"

"Stany anakujua?"

"Stany? Mutoto wake mi njo nilimubatizisha."

Tata Lukusa alitaka kusema jambo, nadhani kuhusu utaratibu, kisha akamtazama mama huyo akaamua kufunika kalamu yake.

Nilifuta yale niliyokuwa nimeandika. Mtu mwangalifu habahatishi maneno ya siri wakati kichwa kimechoka. Huo ni msingi wa kazi yetu, nami niliukumbuka kwa wakati.

"Ni vumbi," nilisema. "Nitaliangalia kesho."

"Mwenyekiti alisema," alikubali katibu.

Mama Valérie aliweka kadi yake juu ya kibodi yangu, akaigonga kwa kidole.

"Kesho usianze kama mi sijaingia," alisema. "Na ukiandika, andika *ya*."