Kitambaa cha Bi Mwanabaraka

Najat wa Tandika alikuwa na kiherehere, lakini mjinga hakuwa. Kompyuta aliyoletewa na mumewe kutoka Dubai mwaka tisini na nane ndiyo iliyomtoa jikoni: vijana wa mtaani walijazana sebuleni kucheza gemu la magari kwa kulipia, naye akawa na chake mkononi. Ila magari yalikwenda kwa kushtukashtuka, na shemeji yake Abdulrahman, mwenye duka Msasani na mdomo usiojua likizo, akapata la kusema.

"Shem, hiyo mashine unaitesa bure. Ijumaa nakuja. Yakikwama tena, naihamishia dukani kwangu. Suleiman keshakubali."

Keshakubali! Mume yule angekubali hata kung'oa mlango wa nyumba, mradi aombwe na kaka yake.

Najat hakulia. Alitafuta flopi yenye programu ya kupandisha kasi ya kadi ya picha, ile inayoyachora magari kwenye skrini, akaipandisha kidogokidogo. Haraka haraka haina baraka. Kila akiongeza, anajaribu gemu, anasikilizia joto kwa kiganja nyuma ya boksi. Vidoti vyekundu vilipotapakaa kwenye skrini, akajua kadi imeelemewa. Akapunguza kasi, akafungua ubavu wa boksi, akaelekezea feni ya mezani pale. Magari yakateleza. Alhamdulillahi!

Ijumaa baada ya swala, Abdulrahman akaketi kama hakimu. Mbio zikaanza safi. Mara, vidoti vyekundu hivyo!

"Enhee," akasema shemeji. "Nitafutie kamba niifunge."

Najat akageuka. Lo! Mama mkwe wake, Bi Mwanabaraka, alikuwa amepita kimyakimya akaifunika mashine kwa kitambaa kizito cha kufuma, kama alivyofunika redio, televisheni na hata chupa ya chai. Mgeni aone matumbo ya kompyuta? Astaghfirullahi! Feni ilikuwa inapuliza nyuzi, kadi inaungua ndani.

Sasa, mkwe gani mwenye akili zake atakivua kitambaa cha mama mkwe mbele ya wageni? Najat akamsogelea mama mkwe.

"Mama, shemeji hajayaona vizuri haya maua. Hebu mwoneshe."

Weee! Bi Mwanabaraka alikinyanyua, akakitandaza magotini kwa mwanawe, akaanza kueleza ua moja baada ya jingine. Abdulrahman akachungulia skrini.

"Nakuonesha kazi ya mikono yangu, unaangalia gemu?"

"Hapana, mama." Akainama. Feni nayo ikapuliza wee, mpaka boksi likapoa.

"Tuanze upya, shemeji?" Najat akauliza. Safari hii magari yalikwenda hadi mwisho, hakuna kidoti wala mshtuko.

"Hata hivyo, ya kwangu dukani ina kasi zaidi," Abdulrahman akanung'unika.

"Masikini, nayo iko uchi hivihivi!" Najat akamgeukia mama mkwe kwa upole. "Mama, ya shemeji haina hata kitambaa."

Bi Mwanabaraka alikuwa keshaanza kukikunja. "Chukua, mwanangu. Jumatatu nitapita kuona umeifunika."

Abdulrahman akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Najat akakimbilia jikoni, akajifunga mdomo kwa kanga.