Plagini za Kamati ya Matanga

Kamati yetu ya matanga hapa Kaloleni haijui kumnyima mtu kitu. Nilipowajengea tovuti ya kuwaaga marehemu niliomba pasiwadi ikae na mtu mmoja tu. Wakanuna. Kwa nini mweka hazina awe nayo na katibu akose? Basi ikagawanywa kama chai ya kikao, na kila aliyeipata akaanza kuongeza plagini, vile vipande vya programu unavyopachika kwenye tovuti ili ifanye kazi mpya. Mwenyekiti, Mzee Tobias, aliweka ya kutembeza picha zake. Mweka hazina akaweka mshumaa unaowaka. Mwingine naye akaweka mshumaa wake, mkubwa zaidi, ukaziba ule wa kwanza. Mimi Munyao, fundi wa bure kutoka mtaa wa Jericho, nikawa mwamuzi wa ugomvi wa mishumaa.

Plagini moja tu niliilinda kwa roho yangu yote: ile ya kurusha video moja kwa moja. Ilikuwa ya zamani, aliyeitengeneza alishaitupa, na ingekufa mara tu mfumo wenyewe ukisasishwa. Niliandika kwenye grupu la kamati kwa herufi kubwa: MSIGUSE CHOCHOTE MPAKA TUZIKE.

Sababu ilikuwa Awuor. Tulikuwa tunamuaga mama yake. Awuor anahudumia wazee huko ng'ambo, karatasi zake hazijakamilika, na akitoka hataruhusiwa kurudi. Kazini kwao simu zinafungiwa kabatini. Msimamizi alimkubalia jambo moja tu: wakati wa mapumziko akae kwenye kompyuta ya ofisi, afungue ukurasa wetu, amwone mama yake kwa mara ya mwisho kabla jeneza halijafungwa na basi kuondoka kwenda kuzika kwao magharibi.

Siku ya ibada nilifika ukumbini mapema, nikafunga kamera, nikapima. Picha ilikuwa safi kabisa. Nikatoka kidogo kutafuta waya wa umeme. Niliporudi, ukurasa ulikuwa mweupe pe, hauna hata herufi.

"Nani ameingia kwenye tovuti?"

Anti Aloo, katibu wa kamati na mdogo wa marehemu, aliinua mkono bila wasiwasi wowote.

"Ni mimi. Kulikuwa na namba nyekundu hapo kando, nikabonyeza kitufe cha kusasisha kila kitu. Si wageni wanakuja, Munyao? Utawakaribisha kwa nyumba chafu?"

"Anti, si nilisema msiguse!"

"Kwani nimegusa nini? Nimefagia tu."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kuichukua ile kompyuta niitupe barabarani, na kamati nzima iifuate. Nilijibana, nikaketi, nikaanza kuhangaika. Kuirudisha video kulihitaji kuurudisha mfumo wote nyuma, na mtandao wa ukumbini ulikuwa unatambaa. Pasta alikuwa anakaribia mwisho wa mahubiri. Kwa hasira nikawa nakosea hata pasiwadi.

Mzee Tobias akaniinamia. "Kijana yangu, bado tu? Barabara ni ndefu. Lazima tufike dala, kule nyumbani, kukiwa na mwanga."

"Mzee, tafadhali, nipe dakika."

"Pasta akimaliza, tunafunga jeneza."

Nikakata tamaa ya video. Nikazima plagini zote kwa mpigo, nione kama ukurasa wenyewe utaamka. Ukaamka ukiwa uchi, bila mishumaa, bila picha za mwenyekiti. Jina la marehemu tu, na chini yake kisanduku cha maoni kilichokuja na mfumo tangu mwanzo, ambacho kamati ilikiona cha kishamba. Punde ukaingia humo ujumbe mmoja, wa Awuor.

"Munyao mko? Sioni kitu."

Nikaandika: "Video imekufa. Pole sana. Niko karibu na mama. Niulize, nitakuandikia."

Akajibu kwa swali: "Amevaa nini?"

Sikujua hata rangi ile inaitwaje. Ikabidi nimwite Anti Aloo, ambaye sikutaka hata kumwona. Akaja, akasoma kilichoandikwa, akaanza kunitajia polepole: "Gauni la zambarau la kwaya, kitambaa cheupe kichwani, nimekifunga mimi mwenyewe." Nikaandika yote.

Pasta akasema amina. Vijana wa kubeba wakasimama.

"Ngojeni!" nikasema kwa sauti, na ukumbi mzima ukanigeukia. Mzee Tobias akakunja uso, lakini akawainulia vijana mkono.

Awuor akaandika: "Mtu amshike mkono kwa niaba yangu."

Nilimwonyesha Anti. Akaenda mbele ya watu wote, akainama, akaushika mkono wa dada yake. Nikaandika: "Anti Aloo ameushika."

Jibu likaja upesi. "Ni baridi?"

Nikausoma ujumbe huo kwa sauti, maana Anti alikuwa mbali na kompyuta. Anti hakuinua kichwa. Akauchukua mkono ule kwa mikono yake miwili, akaanza kuusugua, kama anavyosuguliwa mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Mwandikie angoje kidogo," akasema.