Kiota Kilichoziba Vumbi

Jumanne, tarehe 14 Agosti, mwaka 2012, mama mkwe wangu, Gati, alinisindikiza kutoka Genkuru hadi hospitali, kwa sababu sikuweza tena kupanda kilima cha nyumbani bila kuketi njiani.

Wakati huo rashi, yaani mbio za kukimbilia dhahabu mpya, ilikuwa imewavuta watu wengi kijijini kwetu. Wanaume walishuka maduarani, kwenye mashimo marefu ya dhahabu. Sisi wanawake tuliponda mawe yao kwenye vinu vya chuma na kuyachekecha. Vumbi lilitufananisha sote, wazee na wasichana.

Mama Gati hakupenda nilivyolimeza vumbi lile. Kwao Machochwe, baba yake, mchungaji, aliziba mdomo wa kibuyu cha maziwa kwa kiota kikavu cha ndege, na mchanga haukuingia. Mama akawaza kwamba kinachofaa maziwa kitafaa pumzi. Aliangua viota vikuukuu vya minana kwenye migunga, akachambua manyoya na nyasi laini za ndani, akazishonea katikati ya vitambaa viwili vyenye kamba za kufungia kisogoni. Wenzangu nao wakaomba vyao. Wakamwita Mama Kiota, na jina hilo alilipenda.

Lakini mimi nilianza kukohoa. Kifua kilibana, na jioni homa ilinipanda. Kila nilipokohoa, mama alizikaza kamba zangu.

Hospitalini daktari alisema, "Makohozi yako hayana kifua kikuu, Mama Machage. Nyumbani mnafuga kuku? Njiwa?"

"Hatufugi, daktari."

Mama Gati alidhani ninalaumiwa. "Usimwone mzembe, mwanangu. Huyu anajikinga kuliko wote. Tazama, hii ni kazi ya mikono yangu." Akatoa kinga yangu kwenye khanga yake.

Daktari alijifunika pua na mdomo, kisha akapasua mshono kwa mkasi. Ndani ya manyoya kulikuwa na madoa ya kijivu na kijani, kama ya ugali uliosahauliwa chunguni.

"Mama, huu ni ukungu, jamii ya fangasi. Hupenda manyoya, kinyesi cha ndege na nyasi zilizowahi kulowa. Ukikauka hutoa chembe ndogo mno, zinazopita kwenye kitambaa na kushuka mapafuni. Wengi hawaugui. Lakini kifua kilichochoshwa na vumbi la mawe kinaweza kushindwa nao."

"Kwa hiyo nimemfungia ugonjwa puani?"

"Hukujua, mama. Kuna wengine wanaovaa hizi?"

Mama alikaza khanga yake, akatoka nje. Njiani kurudi nilitamani kumwambia kwamba wenzangu lazima waambiwe, lakini kwetu mke wa mwana hamwelekezi mama mkwe la kufanya. Nilijua pia kwamba mwanamke wa umri wake akikiri kosa mbele ya wasichana, kicheko chao humfuata hadi sokoni.

Asubuhi alinitangulia kwenye vinu. Scholastica, ambaye hakosi la kuchekesha, alikuwa wa kwanza kumwona.

"Shikamoo, Mama Kiota! Leo umetuletea chenye mayai?"

"Marahaba. Nimekuja kuvichukua vyote."

"Kumbe! Ndege wamedai nyumba zao?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mama Gati hakucheka. "Scholastica, kohoa."

"Nini?"

"Kohoa, nisikie."

Scholastica akakohoa kwa kebehi, mkono kiunoni. Kikohozi cha mzaha kikaisha, kikaanza cha kweli, nacho kikakataa kukoma, mpaka akashika kinu asianguke. Kicheko kikafa.

"Nilivishona kwa upendo," mama alisema, "lakini nilikosea. Vina ukungu, nao umemwingia mke wa mwanangu. Nipeni."

Scholastica alifungua kamba zake wa kwanza. Mama alivilowesha vyote ndani ya ndoo, vumbi lisiruke, akavifukia mbali na kisima.

Siku hizi tunanyunyizia mawe maji kabla ya kuponda, na tunajifunga kitambaa kitupu, kinachofuliwa kila jioni. Vumbi halijaisha, ila limepungua. Dawa zilinisaidia, kilima nakipanda polepole, na bado napumzika mara moja. Baada ya tukio lile hakuna aliyethubutu kutamka jina la Mama Kiota, hadi Scholastica aliporudi kutoka hospitali, alikotibiwa kikohozi chake, akamwita hivyo kwa sauti. Mama aligeuka, akaitika.

Wewe uliyesoma haya, msomee na jirani asiyejua kusoma, hasa akiwa mponda mawe, naye amweleze anayeketi kwenye kinu cha pili.